Maana na Matumizi ya Neno "Shall"

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo yamechapishwa hapa kwa ombi lao.)



Katibu alipotuandikia kutuomba tuseme juu ya jambo lo lote la lugha litakalowafaa makarani, tulifikiri kwanza kusema juu ya maneno makubwa makubwa ya Kiingereza, yale ambayo mtu akiyaandika katika barua wenzake humwona msomi. Baadaye tuliona kwamba maneno makubwa hayamdhuru mtu sana, kwa sababu asiyeyajua hufungua kamusi. Yanayodhuru ni yale madogo, ambayo kila mtu adhani ayajua. Basi tumechagua kitenzi kimoja cha herufi tano tu, nacho ni "shall".

Kabla ya kuwafundisha wengine yafaa tuungame kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika afisi moja tuliyotumikia, tulipewa waraka wa Kiingereza tuufasiri kwa ajili ya watumishi wa chini waliokuwa karibu kustaafu. Waraka ule ulisema kwamba fomu za madai, zikiisha kujazwa, "shall be returned" kabla ya mwisho wa mwezi. Nasi, kwa haraka na kwa kujiamini, tukaandika: "Fomu zitarudishwa kabla ya mwisho wa mwezi." Tukapiga chapa, tukabandika ubaoni, tukaenda zetu kunywa chai.

Palikuwa na mzee mmoja tarishi, mtu mwaminifu, aliyekwisha tumika zaidi ya miaka thelathini. Aliijaza fomu yake kwa msaada wa mjukuu wake, akaiweka ndani ya sanduku la bati nyumbani, akangoja. Mwezi ukaisha, na wa pili, na wa tatu. Wenzake wakalipwa, yeye hakulipwa. Hatimaye alikuja mezani petu. Tulimwamkia, tukamwuliza, "Mzee wetu, mbona hukuileta fomu?" Akatujibu kwa upole, "Mwanangu, karatasi yako ilisema zitarudishwa, haikusema nirudishe. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nikizichukua na kuzirudisha karatasi za watu. Nikadhani sasa yangu nayo itachukuliwa na tarishi mwingine."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Bwana mkubwa hakutukaripia, maana kwa sarufi tafsiri yetu ilikuwa sahihi. Lakini mzee yule alikaa miezi mitano bila malipo yake, akikopa unga dukani, kwa sababu ya silabi moja ya "-ta-" iliyoandikwa na karani aliyejiona mjuzi. Toka siku hiyo tumelichunguza neno hili, na hayo tuliyoyapata ndiyo twayaleta mbele yenu.

Asili ya neno

Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa "sceal", na maana yake ilikuwa "nawiwa", yaani nina deni. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, wangali na "soll" kwa maana ya kupaswa, na neno lao la deni na hatia, "Schuld", latoka katika shina lilo hilo. Basi Mwingereza wa kale aliposema "I shall go", alikuwa akisema, "Nina deni la kwenda." Polepole maana ya deni ikapungua, ikabaki maana ya wakati ujao tu, walakini haikufa. Imelala ndani ya neno kama kaa la moto ndani ya majivu, na mwandishi wa sheria akilipuliza huwaka tena.

Mwenzake ni "will", nalo asili yake ni kutaka. "I will go" ilikuwa "Nataka kwenda". Na hapa, ndugu zetu, mtastaajabu, kwa kuwa Kiswahili nacho kilipita njia hiyo hiyo. Wataalamu wa lugha watuambia kwamba "-ta-" yetu ya wakati ujao ni kitenzi "taka" kilichofupishwa. Ushahidi wake tunao vinywani mwetu kila siku: twasema "atakuja", lakini tukitia kirejeshi twasema "atakayekuja", twasema "siku itafika", lakini "siku itakayofika". Lile "taka" zima lingali limo humo.

Sasa tazameni tofauti. Waingereza walijipatia wakati ujao kwa njia mbili, moja ya deni na moja ya matakwa. Sisi katika "-ta-" tuna ile ya matakwa peke yake. Basi Mwingereza aandikapo "shall" kwa nia ya deni, nasi tukaandika "-ta-", tumelichukua deni tukaligeuza kuwa matakwa. Na mtu hulipa deni kwa siku yake, lakini matakwa huyatimiza apendapo.

Umbo lake

Kitenzi hiki ni cha ajabu kwa umbo. Hakina hali ya kutajwa peke yake. Hakuna asemaye "to shall". Hakiongezwi herufi "s" kwa nafsi ya tatu, wala hakina umbo la "-ing". Wakati wake uliopita kwa umbo ni "should", lakini "should" ya leo mara nyingi haisemi yaliyopita, bali husema lifaalo au lipasalo kwa ushauri. Tuliangalie sana jambo hili, maana tutalirudia: "shall" katika sheria hufunga, na "should" hushauri.

Matumizi katika mazungumzo na barua

Shuleni tulifundishwa kanuni hii: kwa nafsi ya kwanza, "I shall" na "we shall" hueleza tu litakalotokea, na "I will" huonyesha nia au ahadi. Kwa nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka: "you will" na "he will" hueleza tu, na "you shall" na "he shall" ni ahadi, amri au tishio. Kanuni hii ilielezwa na John Wallis, mtaalamu wa hesabu wa Oxford, katika sarufi ya Kiingereza aliyoitoa kwa Kilatini mwaka 1653 ili iwafae wageni. Walimu wakaishika, na watoto wengi wakachapwa kwa ajili yake. Walimu wa Kiingereza walipenda kuhadithia habari za mgeni aliyeanguka mtoni akalia kwa Kiingereza chake, akilitia "will" mahali pa "shall" na "shall" mahali pa "will". Na watu waliokuwa ukingoni wakamwacha, kwa kuwa walisikia kwamba amekusudia kuzama na kwamba akataza mtu ye yote asimwokoe.

Ukweli ni kwamba Waingereza wenyewe hawakuifuata kanuni ile kila mahali. Waskoti, Waairishi na Wamarekani hawakuijali sana toka zamani, na siku hizi hata Uingereza watu wengi husema "I will" pasipo nia yo yote ya pekee. Kwa hiyo karani aandikaye "I will" mahali pa "I shall" asihukumiwe kuwa mjinga. Lakini yako mambo matatu ambayo yafaa kuyashika.

La kwanza ni swali la kujitolea au kuomba shauri: "Shall I close the door?" Hapa Kiswahili hakitumii "-ta-" hata kidogo, twasema, "Nifunge mlango?" Aulizaye "Will I close the door?" katika Kiingereza cha Uingereza huonekana kama mtu amwulizaye mwenzake atabiri mambo yajayo.

La pili ni barua. "You shall reply by Friday" si lugha ya kumwandikia mkubwa, wala ya kumwandikia mwenzako. Ni amri yenye tishio ndani yake. Tumeona barua iliyoandikwa na kijana mwema, mwenye adabu, ambaye alidhani "shall" ni "will" iliyovaa kanzu safi, na mkubwa aliyeipokea akaiona ni ujeuri. Adabu ni kuandika "I shall be grateful if you will", ambapo "shall" yamhusu mwandishi mwenyewe: deni la shukrani aliweka juu yake, hamtwishi mwenziwe.

La tatu, "will" nayo huweza kuwa amri. Mkubwa akikuandikia "You will proceed to the station on Monday", hatabiri safari yako. Amekwisha kukuamuru, nawe funga mizigo.

Waliosoma kwa wamisioni watakumbuka pia zile Amri Kumi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 makatazo yake yamejengwa kwa kitenzi hiki hiki, kwa umbo lake la kale "shalt". Waliozifasiri kwa Kiswahili hawakutumia "huta-", walitumia "usi-". Walijua kwamba Mwenyezi Mungu hakuwa akibashiri tabia za watu, bali alikuwa akiwakataza. Laiti sisi makarani tungalifuata mfano wao!

Matumizi katika sheria na kanuni

Hapa ndipo penye kazi yetu hasa. Katika sheria "shall" huweka wajibu, na "may" hutoa ruhusa au uwezo. Tanzania imeandika jambo hili wazi katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53: panapotumika "may" katika kutoa mamlaka, mwenye mamlaka aweza kuyatumia au asiyatumie kwa hiari yake, na panapotumika "shall" katika kumpa mtu kazi, kazi hiyo ni lazima ifanywe.

Mtu akisoma hayo atadhani shauri limekwisha. Halijakwisha. Waandishi wa sheria wamelitumia neno hili mpaka likachakaa. Wakiandika kwamba sheria fulani "shall be called" jina fulani, hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuiita. Jina limetangazwa tu. Kwa hiyo mahakimu hulazimika kupima mahali kwa mahali. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imepata kuamua kwamba si kila "shall" iliyo katika sheria huwa ya lazima. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani nayo, katika hukumu ya mwaka 1995, ilikiri kwamba waandishi wa sheria wakati mwingine hulitumia neno hili, pengine vibaya, kwa maana ya "should", ya "will", na hata ya "may".

Kwa sababu hiyo nchi nyingine zimelikimbia. Afrika ya Kusini, katika katiba yake ya muda ya mwaka 1993, ilitumia "shall". Katika Katiba ya mwaka 1996 ikaweka "must", ili hata mwananchi wa kawaida aelewe. Marekani nako, kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho ziliandikwa upya, zikaanza kutumika Desemba 2007, na "shall" ikaondolewa. Lakini katika kanuni ya 56 mahali pake paliwekwa "should", na ilipofika mwaka 2010 "shall" ikarudishwa hapo, kwa kuwa neno jipya lilileta shaka juu ya uzito wa kanuni. Mtaona kwamba hata wenye lugha yao hujikwaa.

Pengine mwanachama ataona kwamba haya ni mabishano ya wanasheria. Basi na tuwakumbushe mambo mawili.

Mwaka 1889 Mfalme Menelik wa Ethiopia aliweka mkataba na Waitaliani huko Wuchale, ulioandikwa kwa lugha mbili. Katika kifungu cha 17, maneno ya Kiamhari yalisema kwamba Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine ya Ulaya. Waitaliani wakashika maneno ya Kiitaliano, wakadai kwamba amekubali kufanya hivyo na amefungwa nayo, na kwa hiyo nchi yake iko chini ya ulinzi wao. Tofauti ya "aweza" na "imempasa" iliingia katika mambo yaliyoleta vita, na vita ile ikafikia mwisho wake Adwa tarehe 1 Machi 1896, Waitaliani waliposhindwa.

La pili ni la juzi tu. Tarehe 12 Desemba 2015 mataifa yalikutanika Paris kukamilisha mapatano juu ya hali ya hewa. Katika kifungu cha 4, rasimu ya mwisho ilisema kwamba nchi tajiri "shall" kuendelea kutangulia katika kupunguza hewa ichafuayo anga. Wajumbe wa Marekani waliliona neno lile, wakasema hawawezi kulikubali, kwa kuwa wajibu wa namna hiyo ungalihitaji kupelekwa mbele ya Baraza lao la Seneti. Jambo likasitishwa kwa muda. Mwishowe masahihisho yakasomwa kama makosa ya uandishi: "shall" ikawa "should", na Mapatano ya Paris yakapitishwa jioni ile ile. Deni likageuka kuwa shauri jema. Na sisi tulio katika nchi za ukame na mafuriko tulikuwa miongoni mwa wenye kudai.

Nyumbani kwetu

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2021, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, Tanzania iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo la fahari, na sote tulilifurahia. Lakini sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake neno "shall" limejaa kama mchanga ufuoni. Kila moja yataka mtu wa kuipima. Nani ataipima, kama si mwenye kuzoea karatasi? Zamani za utawala wa Waingereza karani Mwafrika alisimama katikati, akisoma amri kwa Kiingereza na kuwaeleza watu kwa Kiswahili. Marehemu Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikuwa mmoja wa watu wa kazi hiyo. Mahali pale pa katikati tungali tumesimama mpaka leo. Mwanakijiji akipokea tangazo hajui ni sheria gani iliyo nyuma yake. Ajua maneno aliyoandika karani tu.

Tena tusiwatazame wengine tu. Kanuni za Chama chetu wenyewe zilifasiriwa kutoka Kiingereza, nazo zasema, "Mwanachama atalipa ada kila mwezi." Bwana Mweka Hazina ni shahidi yetu: alipomwendea ndugu mmoja, ambaye hatutamtaja na ambaye twamwona ameketi karibu na dirisha, akimdai ada ya miezi minane, alijibiwa, "Kanuni yasema atalipa. Mimi nami nasema nitalipa. Tumekubaliana, wataka nini zaidi?" Tulicheka sana, lakini kwa sarufi ya Kiswahili ndugu yule hakuwa na kosa. Kosa ni la aliyefasiri.

Mashauri yetu

Basi kwa unyenyekevu twatoa mashauri manne kwa kila karani akutanaye na neno hili.

Kwanza, aulize: Ni nani awiwaye hapa? Kama hakuna mtu aliyetwishwa kazi, hilo si deni, ni tangazo tu, na Kiswahili chake ni "itaitwa" au "yaitwa", wala hapana madhara.

Pili, kama kuna awiwaye, atajwe. Asiandike "zitarudishwa", bali "kila mtumishi lazima airudishe fomu yake mwenyewe afisini". Kitenzi cha kutendwa kisicho na mtendaji ni mlango ulio wazi, na haki ya mnyonge hutokea humo.

Tatu, atumie maneno yenye uzito wa deni: "lazima", "sharti", "imempasa", "ni wajibu wake". Pa "may" aandike "aweza" au "ana ruhusa". Pa "should" aandike "yafaa". Asiyachanganye kwa ajili ya kupendeza sikio.

Nne, akiisha kuandika, amsomee mtu asiyejua Kiingereza, kisha amwulize, "Umeambiwa ufanye nini?" Asipoweza kujibu, karatasi ichanwe iandikwe tena. Kama tungalimsomea yule mzee tarishi maneno yetu kabla ya kuyabandika, angalitusahihisha kwa dakika moja.

Ndugu zetu, wazee wetu walisema kwamba ahadi ni deni. Tazameni jinsi walivyoyafunga pamoja yale mawili ambayo Kiingereza kiliyafunga katika neno moja: jambo lijalo na jambo liwiwalo. Hatuna silabi ya deni katika wakati ujao wetu, lakini maana yake tunayo, nasi twaweza kuiandika tukitaka.

Mzee yule alilipwa hatimaye. Siku alipopokea fedha zake alipita mezani petu kutuaga, akatuambia, "Mwanangu, siku nyingine andika kama unavyosema." Hatujapata kusikia somo la tafsiri lililo bora kuliko hilo. Nasi twawaachia ninyi.